Intanshipu ya kiangazi kwenye maabara ya akili za mbwa, Marekani: kazi yenyewe ikoje?

Mtoto_wa_Pangani
Wakubwa shikamooni. Nasoma saikolojia mwaka wa pili, chuo kimoja huku Marekani, viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Natafuta intanshipu ya kiangazi kwenye maabara inayochunguza akili za mbwa. Karatasi na malipo vikoje kwa sisi wageni? Kazi ya kila siku ni ipi hasa? Na mate ya mbwa je, kwa mtu anayeswali?

Karani wa Karatasi
Marahaba. Anza na karatasi, wengi huangukia hapo. Nafasi za REU, yaani utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza unaofadhiliwa na NSF (shirika la serikali ya Marekani la kufadhili sayansi), hulipa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Wewe wa F-1 usipoteze wiki nzima kuandika insha ya huko.

Njia nyepesi ni maabara ya chuo chako mwenyewe. F-1 inaruhusu kazi ndani ya chuo: mwisho saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, likizo unaweza kufanya siku nzima. Ukitaka chuo kingine, unahitaji CPT, kibali cha mafunzo ya vitendo nje ya chuo. Kwa kawaida uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo, kazi iwe sehemu ya mtaala wako, na idhini iwe imeshaandikwa kwenye I-20 (ile fomu ya chuo inayothibitisha uanafunzi wako) kabla ya siku ya kwanza. Na hilo la "nitajitolea tu bure" usiliamue peke yako, muulize ofisa wa wanafunzi wa kigeni.

Maombi mengi hufungwa kati ya Januari na Machi, kwa hiyo ukisubiri Mei umeshachelewa.

vikombe_viwili
Nijibu la kazi. Jaribio utakalokutana nalo mapema ni la vikombe viwili. Mwenye mbwa anamshika mbwa wake, mtafiti anaficha kipande cha soseji chini ya kikombe kimoja, ananyoosha kidole, mbwa anaachiwa. Linaonekana la kitoto mpaka uanze kuhesabu linavyoharibika.

Harufu kwanza. Ukiweka soseji upande mmoja tu, mbwa anaweza kufuata pua badala ya kidole chako, nawe hutajua. Ndiyo maana vikombe vyote viwili hubandikwa kipande ndani, mahali mbwa asipofikia, na katikati ya raundi huwekwa chache zisizo na kidole kabisa. Mbwa wakipata hizo zaidi ya inavyoweza kuwa bahati, huenda harufu inavuja.

Pili, upande. Kuna mbwa anaenda kushoto tu, raundi baada ya raundi, na bado anapata nusu. Kwa hiyo kulia na kushoto ziwe sawa kwa idadi, na upande mmoja usirudiwe zaidi ya mara mbili mfululizo. Orodha hiyo huchapishwa kabla mbwa hajafika. Usiibuni papo hapo.

Tatu ni sisi watu. Farasi Hans wa Berlin alisifiwa kwa kujua hesabu mpaka Oskar Pfungst alipoonyesha, mwaka 1907, kwamba alikuwa anasoma mwili wa muulizaji. Mwenye mbwa afumbe macho au atazame sakafu, na asilegeze kamba akielekea upande fulani. Hili la kamba ndilo intani huambiwa alichunge.

Raundi 12: mbwa mmoja akipata 9, bado inaweza kuwa bahati. Anahitaji 10 ili kuvuka kizingiti cha 0.05 (yaani bahati tupu ingetoa matokeo hayo chini ya mara 5 katika 100), hata ukihesabu pia uwezekano wa kukosea nyingi kiasi hicho.

Mtoto_wa_Pangani
Ahsante sana. Kwa hiyo siku nyingi niko chumbani na mbwa?

vikombe_viwili
Thubutu! Siku nyingi uko na video. Unasimba: sekunde ya ngapi mbwa alimtazama mtu, mkia ulitikisika au la. BORIS ni programu ya bure ya kazi hiyo. Ipakue sasa ujizoeze. Sehemu ya video husimbwa na mtu wa pili, kisha makubaliano yenu hupimwa kwa kapa, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati: 1 ni kukubaliana kikamilifu, 0 ni bahati tupu. Usijivunie asilimia. Kama kila mmoja wenu ameandika "mkia umetikisika" kwenye vipande 90 kati ya 100, kwa bahati tupu mtakubaliana mara 82. Mkikubaliana mara 90, kapa ni 0.44 tu. Hapo kwa kawaida tatizo ni maelezo ya tabia yenyewe: "kutikisika" ni kuanzia wapi? Mnaandika upya, mnarudia.

Bi Mapazia
Mwanangu, la mate: mwambie mratibu mapema, kabla ratiba haijapangwa, asije akadhani unaogopa mbwa. Omba kazi ya kamera, ya kusoma orodha ya pande, au ya kusimba. Anayemshika mbwa kwa kawaida ni mwenye mbwa, na vikombe huoshwa kwa glavu. Beba nguo ya kubadilisha hata hivyo. Mbwa akifurahi haombi ruhusa.

Na kwenye barua ya maombi usianze na "napenda wanyama", kila mtu anaanza hivyo. Taja makala moja ya huyo profesa na swali ulilobaki nalo, tarehe unazopatikana, na kama unaijua R, programu ya takwimu. Aya mbili zinatosha.