Baiskeli za umeme kwenye njia ya waendao kwa miguu: tuwakabili vipi?

Mkaazi wa Kizingo: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Jioni hutembea na mama yangu, ambaye ni mtu mzima, katika bustani ya Mama Ngina, na siku hizi vijana wenye baiskeli za umeme hutupita kwa kasi bila kupiga kengele. Je, tuwakabili vipi pasipo ugomvi?

Mzee wa Tudor: Wa aleikum salaam, mwanangu. Usimzuie kwa mkono mtu aliye mwendoni, kwani mtaanguka nyote. Tembeeni upande mmoja bila kuyumba, mama akiwa mbali na wapitao, kisha uzungumze na kijana anaposimama kununua madafu. Mbele ya wenzake atajibu kwa ukali, akiwa peke yake atasikia.

Fundi wa Majengo: Naafikiana na mzee kuhusu mkono, ila sidhani maneno pekee yatatosha. Mota haina mngurumo kama bodaboda, kwa hiyo mtembeaji hapati onyo lolote. Isitoshe, mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya mgongano huongezeka mara 4. Katika Umoja wa Ulaya, mota ya baiskeli ya kawaida ya umeme hupaswa kuacha kusaidia mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Hapa wateja huniomba niondoe kikomo hicho, nami hukataa, ingawa najua wengine hukubali.

Mkaazi wa Kizingo: Ahsanteni. Nitaanza na walinzi wa bustani, niwaombe wawashushe waendeshaji langoni nyakati za msongamano.