Meli ya kitalii Ugiriki na Uturuki, mara ya kwanza: visa ya Schengen ya kawaida inatosha?

Mgeni_wa_Gati
Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tunapanga kupanda meli ya kitalii Septemba, usiku saba: Piraeus (bandari ya Athens), Kuşadası Uturuki, Rhodes, Santorini na visiwa vingine vya Ugiriki, kisha Piraeus tena. Pasipoti zetu ni za Tanzania, na bahari tunayoijua ni ya boti ya Zanzibar tu. Wakala anasema visa ya Schengen ya kawaida inatosha. Ni kweli? Na kabini ya bei ya chini isiyo na dirisha, inafaa?

Tezi_na_Omo
Mkuu, hilo neno "kawaida" ndilo linaloponza watu. Schengen ni kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja: Ugiriki imo, Uturuki haimo. Meli ikitoka Piraeus kwenda Kuşadası mmeshatoka Schengen. Ikitia nanga Rhodes mnaingia upya. Visa ya kuingia mara moja inakufa siku mnayotoka Ugiriki, hata kama tarehe zake hazijaisha. Na huenda msifike hata huko: karani wa kaunta pale gatini hulinganisha visa na ratiba, akiona haitoshi hampandi, na nauli kwa kawaida hairudi.

Kwenye stika ya visa kuna sehemu ya idadi ya kuingia. Mnataka kuona 02 au MULT (mara nyingi), si 01. Ombeni kuingia mara nyingi na ambatanisheni ratiba ya meli yenye kila bandari na tarehe yake. Ofisa asipoiona Uturuki kwenye karatasi hana sababu ya kuwapa zaidi ya mara moja.

Ombi linakwenda kwa Ugiriki, kwa kuwa ndiko mnakokaa siku nyingi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, ila msingoje dakika za mwisho, maana uamuzi unaweza kuvutwa mpaka siku 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Bima inayotakiwa ni ya yuro 30,000 au zaidi, lakini nyingi zinazouzwa kwa ajili ya visa zinahudumia Schengen peke yake. Mguu ukivunjika Kuşadası ni juu yenu. Itajwe Uturuki, na gharama ya kumhamisha mgonjwa kutoka melini.

Visa ya Uturuki kwa abiria wa siku moja: iulizeni kampuni ya meli kwa barua pepe, mtaje pasipoti ni ya Tanzania. Neno la mdomo la wakala halina kazi pale kaunta.

BiKabini
Kabini ya ndani inafaa kwa kulala, ila ukizima taa ni kiza totoro, hujui kama ni usiku au mchana. Mimi ningejali zaidi ilipo. Meli huyumba sana omo (mbele), tezi (nyuma) na sitaha za juu. Katikati, sitaha za chini, panatulia. Tatizo ni kwamba bei ya chini kabisa mara nyingi ina maana kampuni ndiyo itakayowachagulia namba. Kama mmoja wenu huchafukwa kwenye boti ya Zanzibar, ongezeni hela mchague wenyewe. Upepo wa kaskazini wa bahari ile, meltemi, huvuma zaidi Julai na Agosti, lakini Septemba haujaisha wote. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla meli haijaondoka. Ukishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni.

Hela: bakhshishi hukatwa kila usiku kwa kila kichwa. Ikiwa dola 16, wawili kwa usiku saba ni dola 224 juu ya nauli. Na msiweke kadi ya debiti kwenye akaunti ya melini. Huwa wanazuia kiasi fulani kama dhamana, na benki inaweza kuchukua siku kadhaa kukiachia baada ya safari. Wekeni fedha taslimu au kadi ya krediti.

Pasi, heta na birika la umeme viacheni nyumbani, vitachukuliwa mlangoni.

Mgeni_wa_Gati
Asanteni sana, wakala nimeshampigia. Swali la mwisho: tukishuka wenyewe bila ziara ya meli, tukichelewa inakuwaje?

Tezi_na_Omo
Meli inaondoka. Mtaifuata bandari inayofuata kwa gharama zenu, na huenda pasipoti ziko melini. Beba nakala ya pasipoti na visa, na piga picha karatasi ya ratiba ya siku: humo mna namba ya wakala wa bandari.

Santorini ndiyo ya kuogopa. Meli haifungi gatini. Mnashushwa kwa boti ndogo mpaka bandari ya zamani, na mji wenyewe, Fira, uko juu ya jabali. Njia ni kebo (vibanda vinavyovutwa kwa waya), punda, au ngazi karibu 600. Jioni meli zikiwa tatu nne, foleni ya kebo kushuka inaweza kupita saa nzima. Hesabuni muda kuanzia boti ya mwisho, si saa ya meli kung'oa nanga.

Halafu saa zenyewe: karatasi ikiandika 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Kuna wanaoona hiyo sita wakakariri saa kumi na mbili.