Nipo kamati ya manunuzi ya shule, mume wangu anafyatua tofali: nibaki au nitoke?

MamaWawili_Dom
Wakuu salaam. Naomba ushauri wa watu wazima, jambo hili linaninyima usingizi.

Naishi pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kata sitaitaja. Shule yetu ya msingi imepata fedha za madarasa mawili kwa force akaunti: hakuna mkandarasi, tunatumia mafundi wa hapa hapa na vifaa tunanunua wenyewe. Mkutano wa wananchi ukachagua kamati tatu kama ilivyo kawaida, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mimi, muuza nyanya wa hapa mtaani, nikapitishwa manunuzi.

Sasa mume wangu ana mashine mbili za kufyatua tofali za kufungamana, zile wengi wanaziita interloki. Ni udongo na saruji kidogo, unagandamiza kwa mkono, unalifunika na kulimwagilia mpaka likomae. Haliingii tanuri. Na kwenye mkutano ule ule, kabla kamati hazijachaguliwa, mimi ndiye niliyesimama kusema tusijenge kwa tofali za kuchoma. Nilisema kwa moyo na bado naamini hivyo. Toka kampeni ya Dodoma ya Kijani ianze 2017 tunapanda miti, tunaibebea maji kwa ndoo, halafu tanuri likiwashwa linakula kuni usiku na mchana. Huku mvua ni ya kuanzia Desemba mpaka Aprili tu, mti uliokatwa haurudi kirahisi. Watu wakaniunga mkono, ikapita.

Maneno yakaanza. Kwamba nilikuwa nampigia debe mume wangu. Diwani wetu naye kasema kwenye kikao kuna maslahi binafsi, uamuzi wa tofali urudiwe. Wakati kaka yake huyo diwani ana matanuri bondeni, na hilo mtaa mzima unalijua.

Nijitoe kamati? Mume asilete kotesheni? Huku kwetu wanaofyatua interloki ni yeye na mtu mwingine mmoja tu. Nikimtoa yeye, anabaki muuzaji mmoja apange bei anayotaka. Mume ananiuliza, "Kwani nimeiba nini?" Na mimi sina jibu la kumpa.

Nawasilisha.

Babu_Kikuyu
Mwanangu, jibu la mumeo ni hili: hajaiba, na hakuna aliyesema kaiba. Mgongano wa maslahi siyo wizi. Ni hali mtu anayojikuta ndani yake, mkono mmoja umeshika fedha ya umma na mwingine umeshika ya nyumbani. Kosa linaanza pale mtu anapokaa kimya akapiga kura.

Kwa hiyo andika barua. Usiseme kwa mdomo, wala usijitetee kwamba "kila mtu anajua". Leo wanajua, ila mkaguzi akija mwakani atakuta muhtasari wa kikao hauna neno. Iandikie shule kupitia kwa Mwalimu Mkuu, nakala kwa Mtendaji wa Mtaa, na uisome mbele ya kamati.

Mkulima wa Zabibu
Mimi nasema toka kabisa. Ngedere hakai hakimu kwenye kesi ya nyani. Hata ukitoka nje ya chumba wakati wa kupiga kura, waliobaki ndani wanajua utarudi. Ni majirani zako, mnazikana. Nani atamkataa mumeo mbele yako?

BintiMpwapwa
Mkuu hapo juu nakuheshimu lakini sikubaliani. Dodoma ya leo, toka serikali ihamie na Mji wa Serikali uanze pale Mtumba, kila ukoo una mtu wa mchanga, wa kokoto, wa mabati au wa tofali. Tukisema kila mwenye ndugu kwenye ujenzi asikae kamati, tutabaki na wasiojua saruji mbichi na saruji iliyolala. Mwanamke ambaye walau anaijua kazi ndiye wa kwanza kuambiwa atoke, na wanaume wenye matanuri wanabaki wamekaa.

Abaki, atangaze, asipige kura kwenye tofali peke yake. Misumari, mabati na milango haimhusu mumewe.

Fundi_Nzuguni
Dada, mnachanganya maswali mawili. La kwanza: madarasa yajengwe kwa tofali gani? La pili: linunuliwe kwa nani? La kwanza mkutano umeshalijibu. Ila kwa kuwa aliyelileta ni wewe, mwombe mhandisi wa halmashauri aliandikie sifa bila jina la muuzaji: vipimo, kiasi cha saruji, siku za kumwagilia, uzito linaoweza kubeba. Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, wamefundisha watu wengi teknolojia hii, kwa hiyo sifa siyo za kubuni. Zikishaandikwa, mumeo na yule mwingine wanapimwa kwa karatasi ile ile.

Halafu wote mnaongelea kununua, mnasahau kupokea. Mimi nimejengea sana tofali hizi. Udongo wa huku ukiwa na mfinyanzi mwingi tofali linapasuka. Chekecha, weka kwenye chupa ya maji mpaka nusu, jazia maji, tikisa, acha ilale: kesho yake utaona mchanga umekaa chini, mfinyanzi juu, macho yako yanatosha. Na upepo wetu wa kiangazi unakausha tofali kabla saruji haijashika. Shika moja, kwaruza kona kwa msumari. Likimeguka kama biskuti, hilo halikumwagiliwa. Lingine lilaze ndani ya maji usiku kucha, asubuhi liangalie.

Sasa niambie, siku lori la mumeo linashusha mzigo na tofali mia moja zina kona zilizomomonyoka, yule mama wa kamati ya mapokezi anayenunua nyanya kwako atasema "rudisha"? Hapo ndipo pa kuogopa kuliko kwenye kotesheni. Mtake mhandisi au fundi wa kata nyingine awepo siku ya kupokea, tofali zichaguliwe ovyo ovyo katikati ya rundo, zisichukuliwe za juu.

Chamwino_1
Nyongeza upande wa sheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 haikukatazi kuwa na mume mfanyabiashara. Inachotaka ni mwenye maslahi ayatangaze na akae pembeni kwenye uamuzi unaomgusa. Manunuzi ya shule nayo siku hizi yanaelekezwa NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kwa hiyo mumeo ahakikishe amejisajili mwenyewe, kwa jina lake, na simu yako isionekane popote kwenye taarifa zake. Usimsaidie kujaza hata bei, ukifanya hivyo barua yako inakuwa karatasi tupu.

Kuhusu diwani. Yeye yuko chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 13 ya 1995. Anajaza tamko la mali na madeni kila mwaka, na sheria hiyo inagusa pia maslahi ya kiongozi kwenye mikataba ya serikali. Ofisi ya Sekretarieti ya Maadili iko hapa hapa Dodoma. Lakini nakusihi, usiyafanye matanuri ya kaka yake kuwa ngao yako. Ukijibu "mbona na yeye", mjadala unahama kwenye madarasa unakuwa ugomvi wa koo mbili. Omba tu ajenda ya kwanza ya kila kikao iwe kila mjumbe na kila mgeni mwalikwa kutaja uhusiano wake na muuzaji yeyote. Diwani akihudhuria, naye atataja.

Kama kuna siku mtu atatisha au ataomba chochote ili tofali zipite, hiyo ni ya TAKUKURU, piga 113, bure.

MamaWawili_Dom
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mume nimemsomea. Swali lake limepata jibu, amenyamaza.

Nimeamua kutoka manunuzi. BintiMpwapwa nimekuelewa, na imeniuma kwa sababu hiyo hiyo uliyoisema, lakini Fundi kanifungua macho kwenye mapokezi. Hao akina mama ni wateja wangu kweli. Niliwaza kuhamia kamati ya ujenzi, mnaonaje?

Fundi_Nzuguni
Hapana dada. Kamati ya ujenzi ndiyo inayosema tofali ngapi zimetumika na ngapi zimevunjika. Ni mlango ule ule.

Kama unataka kazi, shikilia mambo ambayo mumeo hauzi. Ramani ilazwe vizuri: madirisha yatazame kaskazini na kusini, ukuta mfupi ndio upigwe na jua la asubuhi na la jioni. Bati tupu bila dari huku kwetu mtoto hasomi saa nane mchana. Na mifereji ya paa iende kwenye tenki. Kila mwaka shule zinaacha maji ya mvua yanachimba msingi, halafu Septemba watoto wanakuja na madumu.

Babu_Kikuyu
Naunga mkono. Tembe za wazee wetu wa Kigogo zilikuwa na paa la udongo, mchana unaingia ndani unapumua. Hatuwezi kurudi huko, ila akili ile ya kujikinga na jua isipotee.

MamaWawili_Dom
Nimewaelewa. La mwisho: kwenye barua niandike bei ambayo mume atauza, ili ionekane sifichi kitu? Na kotesheni zikishafunguliwa naweza kuomba zibandikwe ubaoni?

Chamwino_1
Bei usiiandike, maana yule muuzaji mwingine akiijua kabla ya kufungua, mmeharibu ushindani, na kamati wakiijua wameshaelekezwa. Andika uhusiano tu: huyu ni mume wangu, biashara yake ni hii, iko mahali fulani, sitashiriki kuchagua, kupokea wala kuidhinisha malipo. Tarehe, saini. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani.

Ubaoni ndiyo, omba, kwa maandishi vile vile. Bei za wote wawili, na sababu ya aliyechaguliwa, zikae pale getini wazazi wanapopita.