Guzzi 850 T3 ya zamani: kijani na fremu nyekundu, nyekundu ya Le Mans, au kijani cha mashindano?

Kasuarina_T3 (Malindi)

Salaam wadau. Nina Moto Guzzi 850 T3 niliyoachiwa na mzee mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa na nyumba huku Casuarina, alipoamua kurudi kwao akaona kuisafirisha ni gharama tupu, basi ikabaki kwangu. Injini haina neno, kabureta zote mbili nimezifungua nikazisafisha, na breki zile za pamoja, yaani ukikanyaga pedali inashika ya nyuma na diski moja ya mbele, nimezitia sili mpya. Shida ni sura. Kuna mtu zamani aliipaka nyeusi kwa brashi, si spreyi, brashi kabisa na mistari yake unaiona, na tumboni mwa tangi kutu imeshaanza kufura chini ya rangi. Nataka kuvua yote nianze moja ila kwenye rangi nimekwama, nimebaki na tatu kichwani.

Ya kwanza ni ile ya Guzzi V7 Sport ya 1971, tangi kijani cha ndimu chenye metali na fremu nyekundu, Waitaliano wanaiita Telaio Rosso, yaani fremu nyekundu. T3 imejengwa juu ya fremu hiyo hiyo aliyoichora Lino Tonti, mhandisi wa Guzzi, kwa hiyo haitakuwa imevaa nguo ya kuazima. Ya pili, nyekundu ya Guzzi Le Mans 850 ya 1976 na fremu nyeusi. Ya tatu, kijani kile kilichofifia cha Guzzi za mashindano miaka ya 50, zile zenye gamba kubwa limefunika mpaka gurudumu la mbele.

Kumbukeni niko pwani, bahari iko hapo hapo, na pesa si nyingi. Nyinyi mngeenda na ipi na kwa nini?

MzeeKabureta (Tanga)

Nyekundu kijana wangu, hapo hata usiulize watu. Pikipiki ya Mtaliano ni nyekundu. Le Mans ya mwanzo ukiiona imesimama tu unadhani inakwenda, na ile kava ya mbele kuzunguka taa waliipiga rangi ya chungwa inayowaka, mtu anakuona toka mbali. Kijani acha watu wa bustani.

Bi_Vespa (Unguja)

Mzee Guzzi si Ferrari jamani 😂

Fundi_wa_Kisauni (Mombasa)

@MzeeKabureta shikamoo mzee, lakini nyekundu huku pwani ndio kazi yangu na naona zinavyorudi. Jua linaila, hasa zile za bei ya chini, kwanza inapoteza mng'ao halafu inaanza kupauka kuelekea waridi, na tangi la pikipiki linatazama juu moja kwa moja, halina upande wa kivuli kama mlango wa gari. Na hiyo chungwa inayowaka unayoisifu ndiyo ya kwanza kufa, rangi zote za aina hiyo hazina urafiki na jua. Nyekundu inawezekana, sikatai, ila iwe 2K, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha (hadina), na klia nzuri, lile tabaka la juu lisilo na rangi, yenye kinga ya jua juu yake na mwenye pikipiki awe mtu wa kuifunika.

Halafu hili ni kwa rangi yoyote utakayochagua @Kasuarina_T3: usikubali mtu akupigie NC, ile rangi ya selulosi, kwenye tangi hata akikukatia bei nusu. Siku unajaza mafuta, petroli inamwagika pale mdomoni, unafuta na kitambaa, na kitambaa kinaondoka na rangi. 2K ikishashikana na hadina yake na kukauka vizuri, petroli haiwezi kuifanya hivyo.

Sasa fremu nyekundu. Wadau mnaitaja kana kwamba ni stika. Fremu nyekundu maana yake injini inatoka, waya zinatoka, swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) inatoka, kila bolti inatoka. Uzuri wa fremu ya Tonti ile mirija miwili ya chini imefungwa kwa bolti, ukiifungua unanyanyua fremu na injini inabaki chini, hivyo huhitaji vijana wanne wa kubeba injini. Lakini bado ni kuvua pikipiki nzima na waya za umri ule ukizigusa nyingine zinakatikia mkononi. Fremu nyeusi unaweza kuifanya kidogo kidogo, unasugua hapa unapiga, mwezi ujao unamalizia pale, hakuna atakayejua. Nyekundu haifichi, ukiruka kona moja nyuma ya betri kila mtu anaiona.

Pugu_Garage (Dar)

Mkuu si apeleke fremu ikapigwe rangi ya unga ikaokwe kwenye oveni, mambo kwisha? Ngumu kinoma ile.

Fundi_wa_Kisauni (Mombasa)

@Pugu_Garage ngumu kweli, na kama yuko Nairobi ningemwambia nenda. Kwa mtu wa Malindi sipendi. Jiwe likitoboa mahali padogo tu, maji ya chumvi yanaingia chini ya lile ganda na kusambaa, juu unaona safi na chini chuma kinaliwa, siku linabanduka linabanduka kipande kizima. Epoksi praima, ile rangi ya chini inayoshika chuma, na 2K juu yake ikichubuka unaona kutu mapema, unasugua unarekebisha hapo hapo. Akitaka ya unga basi ahakikishe wameziba nyuzi za bolti, vikombe vya beringi za usukani, na namba ya chasi isizame, maana siku ya ukaguzi hiyo namba isiposomeka una kesi.

Bi_Vespa (Unguja)

Mie si mtu wa Guzzi, mie Vespa, lakini chuma ni chuma na chumvi hii hii ndo tunayoila sote. Yakhe hiyo rangi ya tatu mbona hamuizungumzi? Ningekuwa mie ndo ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Rangi isiyong'aa haina mng'ao wa kupoteza, vumbi halionekani, na hakuna metali ya kuhangaika nayo, siku imekwaruzwa unachanganya kidogo unapiga kiraka unaendelea na maisha. Rangi ya metali kiraka chake kinaonekana tu hata fundi awe nani.

Ngara_Spray (Nairobi)

Wasee mnaongea kama mnapaka gari ya serikali. Mimi naleta opsheni ya nne. Lete hilo tangi Nairobi tukupigie tai mkubwa kwa eabrashi, mabawa yanashuka mpaka saidi kava, kama matatu za huku. Guzzi ata logo yake si ni tai? Itakuwa moto!

Jirani_wa_Mandello (Lecco, Italia)

Habari zenu, mimi ni mtu wa Morogoro naishi Lecco, kiwanda chenyewe cha Guzzi kiko Mandello, kilomita kama 10 ukifuata ziwa kwa hiyo hizi pikipiki zinapita dirishani kwangu kila Jumapili. Nianze na @Ngara_Spray, tai yule si pambo. Carlo Guzzi, Giorgio Parodi na rubani mmoja anaitwa Giovanni Ravelli walikutana kwenye jeshi la anga la Italia vita vya kwanza wakapanga kuanzisha kampuni ya pikipiki, Ravelli akafa na ndege 1919 kabla ya mpango kutimia, wawili waliobaki walipofungua kampuni 1921 wakaweka tai kwa ajili yake. Mchore kwa heshima basi, asije akawa na miwani ya jua.

Kuhusu kijani cha ndimu. Huku wanaiita Verde Legnano, kwa sababu ndiyo kijani cha baiskeli za Legnano, ambayo mwendesha baiskeli Fausto Coppi alishindia mbio za Giro d'Italia za 1940. Kwa hiyo Mtaliano wa rika fulani akikiona kijani kile kwenye tangi hawazi bustani @MzeeKabureta, anawaza mbio.

Na kijani cha mashindano @Bi_Vespa una bahati na hoja yako, kwa sababu rangi ile ilitokana na kutu yenyewe, au niseme kuogopa kutu. Yale magamba ya V8 ya 500, Guzzi ya mashindano yenye silinda nane, na wenzake yalitengenezwa kwa bati la magnesiamu ili yawe mepesi, na magnesiamu huliwa haraka, basi yakapakwa dawa ya kromati ya kuzuia kuliwa, na kijani kile ni cha dawa. Magamba ya namna ile yalipigwa marufuku kwenye mashindano baada ya 1957, mwaka ambao Guzzi yenyewe ilijitoa pamoja na Waitaliano wenzake Gilera na Mondial. Tahadhari moja, usiende kutafuta kromati halisi, ni sumu ya mapafu, tumia epoksi ya kawaida na kijani cha kuchanganyiwa dukani.

Bi_Vespa (Unguja)

Si niliwaambia 😌

Pugu_Garage (Dar)

Subirini kwanza, rangi isiyong'aa nayo ina mambo yake. Tangi la rangi hiyo haulipigi polish, ukilipiga linang'aa madoa madoa, na mafuta ya mikono na petroli yanaacha alama pale magoti yanapobana. Ile ya nusu mng'ao angalau. Halafu kitu kingine mkuu @Kasuarina_T3, T3 haina gamba la mashindano, ina tangi kubwa la safari na usukani umenyanyuka. Kijani kile kilikuwa juu ya umbo zima la mviringo, ukikibandika kwenye tangi peke yake nahofia watu watauliza umemaliza praima lini unapiga rangi.

Kasuarina_T3 (Malindi)

Hahaha @Pugu_Garage hiyo ya praima imeniuma maana ni kweli. Nimejaribu kuangalia rangi yake ya kiwandani, nimefungua vishikio vya taa ya mbele na chini ya kiti ambako watu huwa hawafiki, nikakuta chuma na kijivu cha praima tu, aliyeipaka kwa brashi alikuwa na bidii ya kusugua kuliko ya kupaka. Kwa hiyo asili siijui, sina cha kuharibu. Moyo wangu uko kwa Telaio Rosso ila maneno ya fundi kuhusu kuvua waya yamenitisha.

Jirani_wa_Mandello (Lecco, Italia)

Lakini nani kakwambia kijani lazima kiende na fremu nyekundu? Fremu nyekundu ni za lile kundi dogo la kwanza, zilizojengwa kwa mkono kwenye karakana ya majaribio. V7 Sport zilizofuata za kawaida zilitoka na fremu nyeusi, na kijani kikabaki. Kijani cha ndimu na fremu nyeusi ni rangi halali ya Guzzi kabisa. Tena mimi naiona ni ya kiungwana zaidi, kwa sababu Telaio Rosso halisi ni chache na ghali, na kuna watu wanapaka fremu nyekundu ili wauze uongo. Ya kwako ikiwa na fremu nyeusi hakuna atakayekufikiria hivyo.

MzeeKabureta (Tanga)

Hilo sikulijua. Bado nasema nyekundu, lakini kama ni kijani basi afadhali hicho cha baiskeli kuliko kile cha dawa.

Fundi_wa_Kisauni (Mombasa)

Hapo sasa tunaongea. Hofu ya @Bi_Vespa juu ya viraka vya metali ni ya kweli kwenye gari, ambapo mlango lazima ulingane na bawa la jirani yake. Kwenye T3 tangi linasimama peke yake, likikwaruzwa unalipiga lote upya, ni kazi ya siku mbili tatu. Muhimu uweke akiba ya rangi ile ile kwenye kopo limefungwa vizuri na uandike mchanganyiko wake, maana ukirudi dukani mwaka kesho wakachanganya kwa macho, tangi na saidi kava vitakuwa ndugu wa baba mmoja mama tofauti. Stika za jina ziwekwe chini ya klia, juu yake jua na petroli vinazibandua.

Tumbo la tangi usilionee aibu ya pesa, hapo ndipo kutu yako ilipoanzia. Msasa mpaka chuma, epoksi mbili, rangi, hata kama hakuna anayepaona. Na ukumbuke rangi imeandikwa kwenye logbook, kama yako inasema nyeusi peleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kabla askari wa barabara ya Kilifi hajakuelimisha.

Ngara_Spray (Nairobi)

Na tai wangu je?

Kasuarina_T3 (Malindi)

Tai atakaa kwenye stika, mdogo, bila miwani. Nimeamua basi, kijani cha Legnano kwenye tangi, saidi kava na madigadi zote mbili, fremu nyeusi ya nusu mng'ao nitaifanya mwenyewe kidogo kidogo kama fundi alivyosema. @Fundi_wa_Kisauni naleta tangi wiki ijayo kwa basi, utanipa hesabu baada ya kuliona. Kabla ya hapo naomba unipigie vipande viwili vya bati, kimoja kijani cheupe zaidi na kimoja kizito, niviweke juani hapa nyumbani nivione asubuhi na mchana.

Fundi_wa_Kisauni (Mombasa)

Vipande nitakupigia, hiyo ndiyo akili. Ila tangi lije tupu, bomba za mafuta na mfuniko umeshatoa, umelisuuza na kulianika mpaka halinuki. Basi la abiria halipakii tangi lenye mvuke wa petroli, na hata likipakia, mimi hapa jirani yangu anakaanga viazi.