Je, nyanya huongeza damu, na kuzipika hupunguza faida zake?

Mpishi wa Nyalenda (Kisumu):
Hamjambo nyote. Binti yangu aliambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua, na majirani wakanishauri nimpe nyanya kwa wingi kwa kuwa, wasemavyo, chakula chekundu huongeza damu. Mimi hununua nyanya soko la Kibuye na kuzipika na osuga (mboga ya mnavu) au maharagwe hadi zilainike kabisa, ilhali mama mkwe anashikilia kwamba nyanya iliyoguswa na moto haina faida tena na kwamba inayofaa ni kachumbari tu. Ni nani aliye sahihi?

Msomaji wa Bahati (Nakuru):
Dada, wekundu wa nyanya hutokana na rangi iitwayo laikopeni, wala si madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu. Asilimia 95 hivi ya nyanya ni maji, na gramu 100 zake zina takriban miligramu 0.3 tu za chuma, kwa hiyo nyanya peke yake hazitamwongezea damu ya kutosha. Hata hivyo majirani hawakukosea kabisa. Gramu hizo 100 zikiwa mbichi zina takriban miligramu 14 za vitamini C, ambayo huusaidia mwili kufyonza chuma cha maharagwe, ndengu na mboga za majani, chuma ambacho peke yake hufyonzwa kwa shida. Ndiyo maana kachumbari inapaswa kuliwa katika mlo uleule wa maharagwe. Chai, ambayo wengi wetu huiteremshia chakula, ni afadhali isubiri saa moja au mbili, kwa sababu huzuia ufyonzaji huo. Mpe pia omena (dagaa) au nyama, na kama alipewa vidonge vya chuma asiviache.

Mwalimu wa Kakamega:
Nakubaliana na aliyetangulia, ila mama mkwe, kwa heshima zote, ana nusu ya ukweli. Moto hupunguza vitamini C, lakini huvunja kuta za chembe za nyanya na kuiachilia laikopeni, ambayo mwili huipokea vizuri zaidi ikiandamana na mafuta. Kijiko kimoja kinatosha, si lazima mboga ielee. Mimi hukaanga nyanya kadhaa pamoja na vitunguu, kisha nikakatia nyingine mbichi juu ya chakula wakati wa kupakua. Madai kwamba laikopeni huzuia saratani ya tezi dume hayajathibitishwa kikamilifu, na nisingeyategemea.

Mlezi wa Mgonjwa (Kisumu):
Naomba kuongeza tahadhari. Nyanya zina potasiamu, takriban miligramu 237 katika gramu 100, na nyanya ya kopo iliyokolezwa ina nyingi zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo ni jambo jema, lakini mgonjwa wa figo aliyeagizwa kupunguza potasiamu anapaswa kumuuliza daktari wake kwanza. Wenye kiungulia nao huenda wakasumbuliwa na asidi yake.

Mpishi wa Nyalenda (Kisumu):
Asanteni sana. Je, yale mafungu ya jioni ya bei nafuu, yenye nyanya zilizopondeka, yanafaa?

Msomaji wa Bahati (Nakuru):
Zilizopondeka tu zioshe, ukate sehemu iliyoharibika na uzipike siku hiyohiyo. Yenye ukungu itupe nzima, maana katika tunda laini ukungu hupenya ndani usikoonekana, na baadhi ya sumu zake haziondolewi na kuchemsha.