Vibali viwili kwa mgeni mmoja: Kazi na Uhamiaji waunganishe ombi au wabaki walivyo?

Wakili wa Upanga (mtoa mada)
Wakuu, tujadili hili bila jazba. Mgeni akipata ajira Tanzania Bara, mwajiri wake anaanzia kwa Kamishna wa Kazi kuomba kibali cha kazi, kwa ile sheria ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Kikishatoka ndipo wanakwenda Uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi Daraja B, yaani cha mgeni aliyeajiriwa, kwa Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Maombi yote mawili ni ya mtandaoni, lakini pasipoti ileile, mkataba uleule na vyeti vilevile vinapandishwa mara mbili, vinakaguliwa mara mbili, na ada inalipwa mara mbili. Ya ukaazi peke yake ni dola 2,000 na ushee. Mimi nasema ombi liwe moja, namba ya malipo moja, kibali kimoja. Anayepinga aje na sababu.

Bi Mkubwa wa Kurasini
Sababu hii hapa. Ombi lililokamilika halikwami kwa kuwa ofisi ni mbili. Linakwama kwa sababu ya maafisa rasilimali watu wenu wanaojaza fomu kwa kunakili ya mgeni wa mwaka juzi. Kwenye mkataba cheo ni Meneja Mradi, kwenye ombi la kazi ni Mshauri wa Ufundi, kwenye barua ya Uhamiaji ni Mkurugenzi. Anayepitia faili aamini lipi? Jina la kwenye shahada halifanani na la pasipoti kwa sababu mwenyewe aliolewa baada ya kuhitimu, na hakuna kiapo wala cheti cha ndoa kilichoambatanishwa. Leseni ya biashara imeisha muda. Unganisheni hata ofisi kumi, faili bovu litarudishwa tu.

Tabata Segerea
Bi Mkubwa, chunga ulimi. "Maafisa rasilimali watu wenu" ndio akina nani? Afisa rasilimali watu hatengenezi vyeti vya mgeni, anavipokea. Mhandisi anatoka China na shahada ya Kichina, lazima itafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Halafu Bodi ya Usajili wa Wahandisi impe usajili wa muda. Daktari naye ana Baraza lake la Madaktari, mfamasia Baraza la Famasi. Kila chombo kina fomu yake, ada yake na kikao chake, na kikao hakiitishwi kwa ajili ya mtu mmoja. Huku bosi kashamkatia mgeni tiketi, kaingia kwa viza ya siku 90, na siku zinakatika. Mnamlaumu aliyebeba bahasha?

Mwana wa Mji Mkongwe
Mnasahau jambo la msingi. Uhamiaji ni jambo la Muungano, ajira si ya Muungano. Ndiyo maana mgeni anayefanya kazi Zanzibar kibali chake cha kazi kinatoka hukohuko Zanzibar, cha Kamishna wa Bara hakimsaidii kitu, wakati Uhamiaji ni ileile moja. Hicho kibali kimoja cha Wakili kitolewe na nani?

Bi Mkubwa wa Kurasini
Tabata, umejijibu mwenyewe: "bosi kashamkatia tiketi." Mgeni abaki kwao mpaka kibali cha kazi kitoke, basi. Tafsiri ya vyeti inafanyika akiwa huko. Maombi ya bodi yanaanza akiwa huko. Mkataba unasainiwa akiwa huko. Pasipoti inayokaribia kuisha inabadilishwa akiwa huko, maana ikibadilika katikati ya ombi namba haisomani tena na nyaraka zote mlizopandisha. Lakini ninyi mnamleta kwa viza ya matembezi ya dola 50, mnampa meza na kompyuta, halafu wakaguzi wakija mnasema ofisi ni mbili. Na msinitajie viza ya biashara. Ile ya dola 250 ni ya siku 90 kwa shughuli fupi, kama fundi aliyekuja kufunga mtambo. Haigeuki kuwa ajira kwa kumbadilishia mtu cheo.

Tabata Segerea
Dada yangu, anayekata tiketi ni mkurugenzi, na afisa rasilimali watu anaambiwa siku mgeni ametua uwanja wa ndege, JNIA. Aseme nini? Na huyo fundi wako wa mtambo: kapangiwa siku 60, kontena likikaa bandarini siku 40 hesabu yote imevunjika, hata kama fomu ilijazwa kwa dhahabu. Nimechoka kusikia watu wa kada hii wakifanywa jalala la kila mtu. Kosa la mwajiri liitwe kosa la mwajiri.

Mtoto wa Kariakoo
Hao wa Daraja B angalau wanajulikana waliko. Mbona hamwongelei Daraja A? Mtu anaombewa kibali kama mwekezaji, ukipita Kariakoo unamkuta anauza makava ya simu rejareja. Si Serikali ilikataza? Faini yenyewe nadhani ni milioni 5, mtu anailipa kwa mauzo ya wiki.

Wakili wa Upanga (mtoa mada)
Milioni 5 si ya mgeni, tusipotoshe. Amri ya Julai 2025, chini ya sheria ya leseni za biashara, ilitaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi: jumla na rejareja isipokuwa supamaketi, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, usafi, uchimbaji mdogo, uongozaji watalii, udalali, kununua mazao shambani na nyinginezo. Mgeni akikutwa na hatia ni faini isiyopungua milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na anafutiwa viza na kibali cha ukaazi. Milioni 5 au miezi 3 ni ya Mtanzania anayemsaidia. Leseni zilizokuwa hai siku ile ziliachwa mpaka ziishe muda wake. Sasa turudi kwenye Daraja B.

Binti Gerezani
Haturudi kwanza. "Mtanzania anayemsaidia" mnamtaja kama mwizi. Mwenye fremu ya duka anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Binti wa Kitanzania mwenye mtaji wa milioni 3 anaipata wapi? Anakuja mgeni, analipa fremu, analeta mzigo, anasema leseni iwe kwa jina lako nikulipe kila mwezi. Mngekuwa mnamwonea uchungu mngepigania kodi ya fremu ilipwe kwa mwezi, si kumtishia jela.

Mtoto wa Kariakoo
Dada Gerezani, uchungu tunao, ila hesabu hiyo inamuumiza huyohuyo binti. Leseni ni yake, namba ya mlipakodi (TIN) ni yake, mashine ya risiti imesajiliwa kwa jina lake. Mauzo yote ya mgeni yanasomeka Mamlaka ya Mapato (TRA) kama mauzo yake. Mgeni akiondoka usiku, deni la kodi linabaki mlangoni kwa binti, na yeye alikuwa analipwa laki mbili au tatu tu. Hilo waambiwe mapema, kabla ya kusaini chochote.

Binti Gerezani
Hapo sawa, mashine ya risiti wengi hawaifikirii. Lakini bado hujasema neno kuhusu mwenye fremu.

Mwana wa Mji Mkongwe
Na mimi swali langu la Muungano halijajibiwa.

Tabata Segerea
Wakili, nakujibu mada yako sasa: usiunganishe. Ofisi ya Kazi inauliza swali ambalo Uhamiaji haiulizi. Je, Mtanzania wa nafasi hii hayupo? Ndiyo maana sheria ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha nafasi, yaani wa kumwandaa Mtanzania aishike. Mpango wa kweli una jina la Mtanzania, elimu yake, anajifunza nini kila robo mwaka, nani anampima, na lini anakabidhiwa kazi. Ukiunganisha ombi, kipengele hicho kitakuwa kisanduku cha kuweka tiki, na vijana wetu watabaki kubebea wageni mafaili.

Bi Mkubwa wa Kurasini
Hapa tuko pamoja, Tabata. Lakini semeni na yanayotokea kwenye kuhuisha kibali. Baada ya miaka miwili mwajiri anarudisha mpango uleule, kabadilisha tarehe. Mtanzania aliyetajwa aliacha kazi zamani. Hakuna ripoti ya mafunzo, na kwenye orodha ya mishahara jina lake halipo. Mpango utazamwe pamoja na michango ya hifadhi ya jamii, NSSF. Hapo utamjua aliyepo na aliyeandikwa.

Tabata Segerea
Naongeza: aliyeacha kazi abadilishwe kwa barua mwezi uleule, isingojewe siku ya kuhuisha. Na mgeni akihamia mwajiri mwingine kibali hakimfuati, anaanza upya. Mke aliyekuja kwa pasi ya mtegemezi naye asipewe kazi bila kibali chake mwenyewe, ndoa haimpi ruhusa hiyo.

Wakili wa Upanga (mtoa mada)
Nimesikia. Basi nasogea: maamuzi yabaki mawili, lakini nyaraka zipandishwe mara moja, kila ofisi izisome palepale. Cheo kikiandikwa mara moja hakiwezi kutofautiana mara tatu, na Bi Mkubwa atakuwa amepata dawa ya lile faili bovu.

Mwana wa Mji Mkongwe
Mpishi mgeni wa hoteli ya Nungwi, Zanzibar, akihamishiwa tawi la Masaki, Dar es Salaam, kwa miezi mitatu, nyaraka hizo zitasomwa na Kamishna wa upande upi?