Safari ya kikazi jiji kubwa: kazi, chakula na kuutunza mwili unavipatanishaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo naliona kwa vijana wengi wanaoanza kutumwa nje ya kituo. Wanaandaliwa kwa kila kitu isipokuwa mwili. Tiketi ipo, barua ya mwaliko ipo, posho imeingia, kompyuta imejaa chaji. Ukimuuliza siku ya kwanza atakula saa ngapi na atalala saa ngapi, hana jibu, na ofisi nayo haina. Siku ya tatu unamkuta kikaoni macho mekundu, tumbo limejaa gesi, anajibu swali ambalo hakuulizwa. Inaniuma, kwa sababu wengi wao wana uwezo mkubwa na wanaangushwa na mambo yanayozuilika.

Mimi nauza vifaa vya maabara. Wateja wangu wengi wako kwenye miji ile ambayo kutoka ofisi moja hadi nyingine saa nzima inaishia barabarani. Msimamo wangu ni kwamba safari ya kikazi huharibikia sehemu mbili: usiku wa kwanza na mlo wa mchana. Ukivilinda hivyo viwili, mengine yanavumilika.

Kukosa usingizi usiku wa kwanza si kudeka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipima ubongo wa watu waliolala mahali pageni wakakuta kuwa usiku huo upande wa kushoto wa ubongo haulali fofofo kama wa kulia. Unabaki kama unalinda zamu, na sauti ngeni ikisikika ndio unaoshtuka. Kwa hiyo ukiamka hujashiba usingizi, na kitanda kilikuwa kizuri tu, usijidhanie mgonjwa. Ninachofanya ni kuipanga kazi nikilijua hilo: nafika jioni ya kuamkia kazi, na wakati wa kuthibitisha ratiba naomba wasilisho langu liwekwe mchana au siku ya pili, asubuhi ya kwanza iwe ya kutembelea na kufahamiana. Wenyeji karibu wote hukubali ilimradi umeomba mapema.

Chumba nacho nakishughulikia kabla sijafungua begi. Mapokezi naomba kilicho mbali na lifti na kisichotazama barabara. Nikiingia nasikiliza kiyoyozi. Kama kinagonga, au kinapuliza moja kwa moja kitandani, narudi hapo hapo, maana saa 6 usiku kumpata wa kukuhamisha ni kazi. Taulo moja nalikunja na kulilaza chini ya mlango kuzuia mwanga wa koridoni, kile kitaa chekundu cha televisheni nakiziba kwa kipande cha plasta, na mto nauvisha foronya niliyotoka nayo nyumbani. Hilo la foronya sijalisoma popote, lakini kichwa kikikutana na harufu kinayoijua, mimi usingizi unanijia haraka.

Mlo wa mchana ndio unaoibiwa kila siku. Kikao cha saa 4 kinaanza saa 5, mtu anasema tumalizie hiki kidogo, mnatoka saa 9, mnaingia kwenye foleni, mnakula saa 11 jioni kwa pupa, na saa 3 usiku wenyeji wanakuita tena mezani. Tumbo limepokea milo miwili mizito ndani ya saa nne, kisha unalitaka lilale. Dawa yake ni kuuandika mlo kwenye ratiba kama unavyoandika kikao, saa yake na mahali pake, na kuituma ratiba kwa kila mhusika. Ukifanya hivyo, mara nyingi mwenyeji mwenyewe ndiye anayesimama kusema muda wa kula umefika. Karanga na tunda viwe ndani ya begi kama akiba, visigeuzwe mlo.

Leteni ya kwenu. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa kina mama na kwa wenye maradhi ya kudumu, maana mambo yao hayaandikwi kwenye miongozo ya ofisi.

Mkaguzi wa hesabu

Mkuu, kwa safari za siku mbili tatu nakubaliana nawe. Sisi wakaguzi tunakaa kwa mteja wiki tatu, nne, na huko usiku wa kwanza unasahaulika upesi. Kinachomaliza watu ni wiki ya pili. Mwili umeshazoea kitanda, lakini umeshazoea pia kula kila kitu kilichopangwa mbele yako, kukaa kitini saa kumi, na kupanda lifti hata kwa ghorofa moja.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wasomi wa Chuo Kikuu cha Columbia juu ya wafanyakazi wanaosafiri kikazi. Waliokuwa wanalala nje nyusiku 14 au zaidi kwa mwezi, wakilinganishwa na wa nyusiku 1 hadi 6, walikuwa na uzito mkubwa zaidi, usingizi wa shida, na dalili nyingi zaidi za wasiwasi na sonona. Niliuchapisha nikaupeleka kwa mkuu wangu wa idara, na tangu hapo tunapanga zamu ili mtu asiunganishe kazi mbili ndefu mfululizo.

Yangu ni haya. Safari ikizidi wiki, natafuta malazi yenye jiko dogo, hata kama chumba chenyewe ni cha kawaida sana kuliko cha hoteli. Jioni ya kwanza nanunua mayai, maziwa, mboga na matunda, na nakula nje mara chache kwa wiki. Malazi yenyewe nayachagua kwa ramani: yawe mwendo wa dakika 15 kwa miguu hadi kwa mteja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 15 kwenda na 15 kurudi, kwa siku tano za kazi, ukienda kwa mwendo wa haraka, tayari ni 150, na hujatafuta ukumbi wa mazoezi wala kuamka alfajiri.

Kuhusu bafe za hoteli, shuka mapema zinapofunguliwa. Chakula cha moto kinatakiwa kikae juu ya nyuzijoto 60, na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Ukifunua sinia na hakuna mvuke, funika uendelee na safari yako. Mayai waambie wakukaangie pale pale.

Mdau wa kahawa

La kwangu ni fupi. Kahawa ya mwisho saa 8 mchana. Kafeini huchukua kama saa tano hivi kupungua kwa nusu mwilini, na kwa wengine zaidi. Kikombe cha saa 11 jioni cha kumalizia ripoti, nusu yake bado unayo saa 4 usiku. Kwenye vikao vya mchana naomba maji ya moto na limau, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Mama anayenyonyesha

Asante kaka kwa kutukumbuka.

Nilirudi kazini mwanangu akiwa na miezi mitano, na safari za kikazi zikarudi pamoja nami. Wengi hudhani shida ni kumkumbuka mtoto tu. Kumkumbuka kupo, lakini titi lisilokamuliwa halina subira. Saa nne zikipita linakuwa gumu kama jiwe, linauma ukigusa tu blauzi, na ukiliacha hivyo siku nzima unakaribisha uvimbe na homa. Huwezi kuongoza majadiliano ya mkataba ukiwa hivyo.

Ninachofanya ni kuziandika saa za kukamua kwenye kalenda ya kazi kabla sijaondoka, nusu saa kila baada ya saa tatu, zikisomeka tu kwamba nina shughuli. Halafu namwandikia mwenyeji wangu kwa maneno ya wazi: nahitaji chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, kiti, na soketi ya umeme. Sizungukizunguki. Mara nyingi anayejibu barua hizo ni mwanamke, naye huelewa kabla sijamaliza sentensi. Kuna ofisi moja walinielekeza chooni. Niliwauliza kwa upole kama wao wangeandaa chakula cha mtoto humo, na ndani ya dakika chache ufunguo wa chumba cha mikutano ukapatikana.

Kwa dada atakayehitaji: maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa hadi saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, yaani lisilozidi nyuzijoto 25, hadi siku 4 kwenye friji, na hadi saa 24 kwenye mfuko wa kutunza baridi wenye pakiti za barafu. Kabla ya kulipia hoteli piga simu uulize kama friji ya chumbani inapoza kweli, kwa sababu nyingine ni za kuweka soda tu, hazishiki baridi ya kutosha. Andika saa na tarehe kwenye kila mfuko. Pampu ya mkono ibebe hata kama una ya umeme.

Na kula, dada zangu. Anayenyonyesha akiruka mlo, njaa na kizunguzungu humkuta katikati ya kikao. Mimi chupa ya maji haitoki mezani kwangu, na nikikamua nakula wakati huo huo, mkono mmoja pampu, mwingine mkate na yai.

Mwenye kisukari

Natumia insulini na nasafiri kikazi miaka mingi.

Insulini haiendi kwenye begi la chini ya ndege. Huko inaweza kuganda, na insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Inakaa kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari. Ile ninayoitumia sasa haihitaji friji. Aina nyingi huvumilia joto lisilozidi nyuzijoto 30 kwa siku kama 28, ila soma karatasi ya dawa yako. Ya akiba naiweka friji ya chumbani, mbali na ukuta unaogandisha.

Jambo ambalo hatuambiwi: jiji kubwa linakutembeza. Ngazi za stesheni, koridoni za viwanja vya ndege, kutoka jengo hadi jengo. Dozi ile ile ya nyumbani, kwa mwendo huo, inaweza kushusha sukari ghafla, na wenzako wakadhani umechoka tu. Kwa hiyo mfukoni, narudia mfukoni na si kwenye begi, nina vidonge vya glukosi. Nikipima nikakuta imeshuka, natumia gramu 15, nasubiri dakika 15, napima tena. Na mwenzangu mmoja kwenye msafara lazima ajue hali yangu. Namwambia siku ya kwanza tukiwa tunakunywa chai, dakika mbili zinatosha.

Ukivuka majira ya saa, usijipangie dozi mwenyewe. Muone daktari wiki moja kabla.

Fundi wa mitambo

Kwenye hilo la majira, kanuni ninayoitumia ni kuupa mwili siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti, na kwenda mashariki kunatesa kuliko magharibi. Mwanga wa jua ndio unaorekebisha saa ya mwili kuliko kitu kingine. Nikienda mashariki kwa saa chache, asubuhi nakunywa chai yangu nje, juani, simu iko mfukoni. Nikienda magharibi natembea jioni kabla giza halijaingia.

Na miguu, jamani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 ulionyesha hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka kama mara mbili ukisafiri umekaa saa 4 au zaidi, na si ndege tu, hata basi, treni na gari. Simama, tembea, chezesha vifundo vya miguu.

Mgeni kazini

Shikamooni. Mimi nina swali. Nina miezi michache kazini na bosi wangu anataka kila jioni twende kula na wateja mpaka saa 5 usiku. Asubuhi yeye anaingia saa 4, mimi natakiwa ukumbini saa 1 na nusu kuandaa mitambo. Nakataaje bila kuonekana nina kiburi?

Mwanzisha mada

Marahaba, mdogo wangu. Usikatae jioni, watu wameshasimama mlangoni. Zungumza asubuhi, tena umweleze kazi badala ya uchovu: "Bosi, kesho mitambo lazima iwe tayari saa 2, naomba leo nikae na wageni mpaka saa 3 kisha nikapumzike." Bosi mwenye busara atakubali, kwa sababu mitambo ikigoma aibu ni yake. Mezani agiza mapema na agiza chepesi. Na kama ni pombe inayopitishwa, jua inakulaza haraka lakini inakukatakata usingizi baada ya saa chache, na utaamka saa 10 alfajiri unatazama dari.

Mkaguzi wa hesabu

Niongeze hapo kidogo. Jioni ya kwanza na ya mwisho kaa nao mpaka wainuke. Hizo ndizo wateja wanazozikumbuka. Za katikati ndizo za kuombea ruhusa, na ukishakaa nao kikamilifu ile ya kwanza, hakuna atakayekuhesabia.

Mama anayenyonyesha

Na kama wewe ni binti, mdogo wangu, usikae mpaka wa mwisho ukitegemea lifti ya mteja. Usafiri wako uitishe mwenyewe kabla chakula hakijaisha, muage bosi mbele ya watu wote, na umtumie mwenzako namba ya gari.